Alijisajili au alisajiliwa? Mzozo wa shilingi tano

Shangazi yangu alistaafu ualimu wa shule ya msingi miaka mingi iliyopita na sasa anaishi Wundanyi, katika milima ya Taita. Ni mjane aliyevuka umri wa miaka sabini. Kila mwanzo wa mwezi mimi humtumia muda wa maongezi wa shilingi 100, naye huutumia kwa uangalifu ule ule aliokuwa akigawia chaki darasani. Siku moja alinipigia simu alfajiri akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwanangu, nani anayenila?"

Nilimwomba anieleze. Akasema kuwa salio lake hupungua shilingi tano kila siku ilhali hajampigia mtu yeyote. Kulipopambazuka, simu ililia na ujumbe ukaingia kutoka kwa nambari fupi ya tarakimu tano. Nilimwomba anisomee mmoja wa jumbe hizo. Ulikuwa ushauri wa mapenzi, tena kwa Kiingereza, ukimfundisha mke namna ya kumfurahisha mumewe arudipo kazini. Tulicheka sote wawili. Kicheko kilikatika tulipopiga hesabu: shilingi tano kwa siku ni shilingi 150 kwa mwezi, yaani zaidi ya kile ninachomtumia, na kwa mwaka ni shilingi 1,825. Wahenga walisema chururu si ndo! ndo! ndo! Lakini hata ndo! ndo! ndo! hukausha mtungi iwapo hakuna anayeutazama.

Shangazi hakuwa amenyamaza. Alikuwa ameujibu ujumbe ule mara tatu. Kwanza aliandika ACHA. Siku ya pili akaandika NIMESEMA SITAKI. Siku ya tatu akaandika KOMA, neno ambalo enzi zake lilitosha kulinyamazisha darasa zima. Kila mara mashine ilimjibu kwa Kiingereza kwamba neno hilo halitambuliki. Neno lililotakiwa lilikuwa STOP, nalo lilikuwa limebanwa mwisho kabisa wa ujumbe ambao hakuwa na sababu ya kuusoma hadi tamati. Mama aliyewafundisha watoto wa nchi hii kusoma na kuandika aliambiwa na chombo kisicho na ulimi kwamba maneno yake si maneno.

Basi nikaipigia simu kampuni inayohusika. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, na sina lawama naye. Alitazama kompyuta yake kisha akaniambia: "Bwana, rekodi zetu zinaonyesha kwamba mteja alijisajili."

Hapo ndipo taaluma yangu iliponizindua. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaweza kulichanganua neno hilo. Kiambishi a- chamtaja shangazi. Kiambishi -li- chatupa wakati uliopita. Kisha kuna -ji-, kiambishi kinachorudisha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Aliyejikata alishika kisu mwenyewe, na aliyejisajili alitaka mwenyewe, akajua, akatenda. Ondoa -ji-, utie -w- ya kauli ya kutendwa, nawe utapata neno jingine kabisa: alisajiliwa. Katika neno hili la pili, shangazi ametendewa, na mtendaji amejificha nyuma ya sarufi. Mzozo mzima wa shilingi tano umo katika silabi moja.

Nilimuuliza kijana yule maswali matatu. Alijisajili tarehe gani? Saa ngapi? Kwa neno gani? Alikuwa na tarehe. Saa hakuwa nayo. Neno halikuwepo.

Ni vyema msomaji afahamu jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Kampuni ya simu inamiliki mtandao. Kampuni nyingine, ya pili, huandaa maudhui: matokeo ya kandanda, nyota, aya za dini, vichekesho, ushauri wa ndoa. Hii ya pili hupewa nambari fupi. Mteja huingizwa katika orodha kwa kutuma neno fulani kwa nambari hiyo, au kwa kubonyeza tangazo katika intaneti, au kwa kukubali ukurasa uliochomoza ghafla kwenye kioo cha simu yake. Kampuni ya simu hukata fedha kutoka kwa salio la mteja, kisha hugawana mapato na mwenye maudhui. Mteja anapolalamika, kampuni ya simu husema kwamba huduma si yake, naye mwenye maudhui husema kwamba fedha hazikukatwa na yeye. Wawili hao wanajua njia ya kugawana mapato, lakini lawama haina mgao.

Kuna jambo jingine linaloufanya wizi huu mdogo, ikiwa ni wizi, usionekane. Zamani aliyekuwa na simu ya nyumbani alipokea ankara mwisho wa mwezi. Aliisoma, akakuna kichwa, na kama kulikuwa na simu asiyoitambua, alikwenda ofisini kuuliza kabla ya kulipa. Fedha zilikuwa bado mfukoni mwake. Siku hizi wengi wetu hulipa kwanza ndipo tukatumia. Hakuna ankara inayotujia. Anayedai ameshajilipa, na anayelalamika ndiye anayelazimika kufunga safari ya kuzifuata shilingi tano zake. Nani atapoteza nusu saa kwenye simu kwa ajili ya shilingi tano? Kila mtu hujiuliza swali hilo, kila mtu huamua kunyamaza, na kimya chetu sote huhesabiwa kuwa ridhaa.

Nasema hivi kwa sababu sheria ya nchi haikutuacha uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nazo, haki ya kulindwa kwa masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa anapopata hasara. Mwaka huo huo zilitolewa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za mawasiliano, nazo zinasema kwamba mteja atalipishwa tu kwa huduma alizojiandikisha kuzipata, na kwamba ataelezwa bei na masharti kwa ukamilifu na kwa uwazi. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kimeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mimi si wakili. Lakini nikiviweka vifungu hivi kando kwa kando, ninapata swali moja la kiisimu: je, mtu ameelezwa kwa uwazi ikiwa ameelezwa kwa lugha asiyoitumia, kwa herufi ndogo, baada ya fedha zake kukatwa?

Tazama matangazo. Kampuni zinapotaka kutuuzia, huzungumza Kiswahili, tena Kiswahili kitamu chenye vitenzi vya kuamuru: tuma, shinda, okoa, sambaza, furahia. Lakini zifikapo kwenye masharti na njia ya kutokea, Kiswahili hutoweka. Mlango wa kuingilia una jina kwa lugha ya wananchi. Wa kutokea umeandikwa kwa lugha nyingine.

Haki inanidai niseme upande wa pili pia. Si kila anayelalamika ameonewa. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyelalamika vikali kuhusu makato, na tulipofungua simu yake tukakuta kwamba yeye mwenyewe alituma neno kwenye shindano akitumaini kushinda pikipiki. Wazazi wengine huwapa watoto simu ili wanyamaze, na watoto hubonyeza kila kinachong'aa. Wengine hujiunga, wakasahau. Kampuni zina haki ya kudai kilicho chao kutoka kwa watu kama hao. Ninachokataa ni kwamba neno la mashine peke yake liwe ushahidi. Anayesema "alijisajili" ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha ile -ji-.

Kuna makato mengine ambayo hayana mlaghai ndani yake, lakini yanatokana na ugonjwa ule ule wa kutoelezwa. Walimu wakuu wengi sasa huwaarifu wazazi kwa ujumbe mfupi kuhusu karo na siku za kufungua shule. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi na alama 160, kipimo kilichowekwa huko Ulaya katika miaka ya 1980. Herufi hizo hutoka kwenye orodha maalumu. Ukitumia alama moja tu isiyokuwemo katika orodha hiyo, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi hupungua hadi 70. Kiswahili kina bahati, kwani herufi zetu zote zimo. Kiamhari, chenye hati yake, hakina bahati hiyo.

Lakini iko ritifaa. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha, na ile iliyopinda haimo. Baadhi ya simu na kompyuta huipinda ritifaa zenyewe pindi unapoandika Murang'a, au ng'ombe, au kung'oa. Ujumbe wa herufi 150 ambao ungekuwa mmoja hukatwa vipande vitatu, kwa kuwa vipande vinavyounganishwa katika mfumo huo huchukua alama 67 tu kila kimoja, na aghalabu kila kipande hulipiwa. Shule yenye wazazi 600 iliyodhani inatuma jumbe 600 hutozwa jumbe 1,800. Mwalimu mkuu hataona popote kwamba alama moja juu ya jina la mji ndiyo iliyomfilisi. Hiyo picha ndogo ya uso unaocheka, ambayo vijana huitia kila mahali, hufanya vivyo hivyo.

Sasa turudi Wundanyi. Baada ya wiki mbili za kupiga simu na kuandika, shangazi aliondolewa katika orodha na akarudishiwa sehemu ya fedha zake. Ujumbe uliofuatana nazo ulisema kuwa zimerejeshwa kwa hisani. Nilipompigia kumpongeza, nilimkuta amekasirika kuliko mwanzo. "Mwanangu," akaniambia, "mtoto akinyang'anywa kalamu darasani na mwenzake, nami nikaamuru irudishwe, hakuna siku niliyomwambia aliyenyang'anywa aseme asante." Nami sina la kuongeza. Hisani hutolewa na mwenye mali. Kumrudishia mtu kilicho chake kuna jina jingine katika kamusi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kukatwa senti ya kwanza, mteja apelekewe sentensi moja ya Kiswahili sanifu inayotaja huduma, bei na mara ngapi atalipa, kisha aulizwe: unakubali? Asipojibu, jibu lake liwe la. Pili, mashine zifundishwe kutambua ACHA, SITAKI, KOMA, ONDOA na NITOE kama zinavyolitambua lile neno la kigeni. Niko tayari kuwaandikia wahandisi orodha hiyo bila malipo, na haitajaza ukurasa. Tatu, mteja anapouliza, apewe tarehe, saa na neno alilotumia kukubali. Yasipopatikana, fedha zote zirudishwe, wala zisiitwe hisani.

Mpaka hayo yatakapotimia, kila mmoja wetu ajilinde. Usiufute ujumbe unaokukera, kwani huo ndio shahidi wako. Andika salio kabla na baada ya kukatwa, pamoja na siku na saa. Lalamika kwanza kwa kampuni yako ya simu na udai nambari ya lalamiko lako. Ukipuuzwa, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kusimamia sekta hii. Mali bila daftari hupotea bila habari, na simu yako ni daftari tosha ukiitumia hivyo.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili nina ombi la ziada. Wiki ijayo mtakapofika kwenye kauli za vitenzi, wekeni kando mifano ya Juma kuupiga mpira na mpira kupigwa na Juma. Waombeni wanafunzi waende nyumbani, waazime simu za bibi na babu zao kwa ruhusa, na waandike jumbe zote zilizotoka kwa nambari fupi. Kisha darasa zima liulize kuhusu kila ujumbe: huyu mzee alijisajili au alisajiliwa? Nadhani baada ya somo hilo hakuna atakayesahau tofauti ya -ji- na -w-, na huenda mzee mmoja au wawili wakabakiwa na salio la kuwapigia wajukuu wao.