Punda Hakulaumiwa

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alitutangazia kwamba dawa za mababu zote ni za kweli, maana hata Wazungu wa Ayalandi wameuthibitisha udongo wa kaburi la padri wao. Watu wakapiga makofi. Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Udongo huo upo, Boho, katika kaunti ya Fermanagh. Padri huyo, James McGirr, alifariki 1815, na wenyeji huuchota kidogo, wakaufunga kitambaani, wakauweka chini ya mto wa kulalia. Mwaka 2018 wanasayansi walieleza kwamba wamekuta ndani yake bakteria wanaozuia vijidudu sugu. Kwenye vyombo vya maabara! Kitambaa chini ya mto hakigusi kidonda wala hakiingii kwenye damu. Kimethibitishwa nini hapo?

Na zile dawa nyingine za huko mbona hakuzitaja? Watoto wa shule wa Ayalandi walipotumwa kuanzia 1937 kukusanya maarifa ya wazee, waliandika kwamba mwenye kifaduro apitishwe mara tatu chini ya tumbo la punda. Kifaduro humkaba mtoto mchanga mpaka midomo inageuka rangi. Aliyepona alikuwa na mama wa kumsimulia maisha yake yote. Aliyekufa alizikwa, na punda hakulaumiwa. Chunjua nazo zilisuguliwa kwa konokono, kisha konokono akachomekwa kwenye mwiba akauke. Chunjua nyingi huondoka zenyewe. Sifa akapewa konokono.

Wataniambia, "Bibi yangu aliishi miaka tisini kwa mizizi." Na ndugu zake waliokufa wadogo, wao walinyweshwa nini? Hapo wote kimya. Ndio hao hao wanaonunua chupa za wenye vipaza sauti stendi, chupa moja ya kisukari, nguvu za kiume na kesi ya shamba, huku wakaguzi wakipita wakiangalia pembeni.

Noël Browne alifiwa na baba na mama kwa kifua kikuu, katika Ayalandi hiyohiyo, iliyojaa visima vitakatifu vya kuombea uponyaji. Alipokuwa Waziri wa Afya 1948, alitafuta fedha, akaongeza kwa haraka vitanda vya wagonjwa wa kifua kikuu. Miaka hiyohiyo ilikuja streptomisini, iliyotokana na bakteria wa udongo, jamii ileile ya wale wa Boho. Tofauti ni kwamba hiyo ilisafishwa, ikadungwa kwa sindano, ikapimwa kwa wagonjwa, waliopona na waliokufa wote wakahesabiwa. Mhubiri atuonyeshe dawa yake moja iliyowahi kuhesabiwa wafu.