Kifuniko cha Chungu

Katika mji wa Goma, kabla jua halijatua, moshi huanza kupanda katika kila ua. Mama amewasha mbabula. Sufuria ya maharagi i juu ya moto, maji yanatokota, povu linainuka, mvuke unapanda mweupe mpaka unapotea hewani. Mtoto apitaye husema: «Chakula ki karibu.» Lakini sufuria ile i wazi. Kifuniko chake kilivunjika zamani, au kimewekwa kando ili mpishi aone vizuri. Na hilo ndilo kosa linalosemwa hapa. Chungu kisichofunikwa ni mwizi, nacho huiba makala kila siku mbele ya macho ya watu wote.

Wengi hufikiri kwamba maji yanayoruka-ruka kwa nguvu yana moto kuliko maji yanayotokota polepole. Sivyo. Maji yakiisha kufika penye kutokota, joto lake halipandi tena, hata mtu akijaza makala mpaka ukingo wa mbabula. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa kipima-joto katika muda wa nusu saa. Goma ni mji wa juu, karibu meta 1,500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji hutokota yakipata digri 95 hivi. Huko Moanda, kando ya bahari, hutokota penye digri 100. Ndiyo maana maharagi ya Goma hukawia kuiva. Mpishi huona yanakawia, naye huongeza makala. Kipima-joto chabaki palepale penye 95. Makala yaliyoongezwa yamefanya kazi moja tu: yamegeuza maji kuwa mvuke upesi zaidi.

Na kazi hiyo hula joto jingi sana. Shuleni watoto hufundishwa kwamba kalori kubwa moja ni joto la kupasha lita moja ya maji digri moja. Basi kupasha lita moja kutoka digri 20 mpaka 95 kwahitaji kalori 75. Lakini kuigeuza lita ile ile yote kuwa mvuke kwahitaji kalori nyingine 540 hivi, yaani mara saba na zaidi. Mama akimimina lita moja ya maji mapya kwa sababu ya kwanza yamekauka, amekwisha kulipa kalori 540 kwa mvuke uliokwenda mawinguni, kisha alipa 75 tena kwa kupasha yale mapya. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya hesabu hii. Ni ajabu kwamba haifanywi. Mtoto wa Goma hupewa hesabu ya garimoshi mbili zinazokutana njiani, naye hajaona garimoshi hata siku moja. Hesabu ya sufuria ya nyumbani kwao hapewi.

Kifuniko chafanya nini? Mvuke ukiligusa bati lake hupoa kidogo, hugeuka matone, na matone huanguka tena chunguni. Joto linalotoka kwa njia ya bati lenyewe ni dogo kuliko lile lililokuwa likichukuliwa na mvuke. Kwa hiyo sufuria iliyofunikwa hutokota mapema, na ikiisha kutokota mpishi aweza kuondoa sehemu ya makala, na maji yataendelea kutokota taratibu. Makala yaliyoondolewa huzimwa, yakawekwa kwa chakula cha kesho.

Hapo wapishi wengi hukosa. Hufunika sufuria, lakini moto huuacha ulivyo. Kifuniko huanza kupiga kelele, maji humwagika na kuzima makala, na mpishi husema: «Kifuniko ni kibaya.» Kifuniko hakina kosa. Mlio ule ni nguvu ya mvuke inayosukuma bati. Bati hutikisika na kuitikisa hewa, na mtikisiko wa hewa hufika sikioni. Nguvu iliyokuwa imelala ndani ya makala imegeuka joto, joto limegeuka mwendo, mwendo umegeuka mlio. Mlio wenyewe hautumii nguvu nyingi, lakini ni mjumbe mwema: watangaza kwamba moto umepita haja. Mwanga nao ni mjumbe. Makala yakionekana mekundu kando ya sufuria, yanatuma joto ukutani na kwenye miguu ya mpishi, wala si chunguni. Mbabula pana chini ya sufuria ndogo ni hasara ambayo hata mtu asiyejua kusoma aweza kuiona usiku, kwa ule wekundu tu.

Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, aliwaonyesha wenye elimu wa London chungu kizito cha chuma ambacho kifuniko chake kilifungwa kwa nguvu. Mvuke ulipokosa njia uliyakandamiza maji, na maji yakapata moto kupita digri 100. Hata mifupa migumu ililainika. Papin alijua kwamba mvuke uliofungwa waweza kukipasua chungu, naye akatia kitundu chenye kizibo ambacho mvuke ungekiinua wenyewe ukizidi. Kwa hiyo mtu asijaribu kuifunga sufuria ya kawaida kwa waya au kwa udongo. Jiwe dogo juu ya kifuniko latosha, na kazi yake ni kukizuia kisisogee. Vilevile kufunika chungu ni jambo moja, na kufunga nyumba ni jambo lingine: mbabula ikiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala nayo wasiamke.

Sasa yafaa kutazama yanakotoka makala. Kilo 100 za kuni, zikichomwa katika tanuru ya udongo porini, hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Kilo moja ya makala iliyopotea kwa mvuke ni kilo 5 mpaka 10 za kuni zilizokatwa bure. Na makala mengi ya Goma yametoka katika misitu ya Parki ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925. Kukata miti humo kumekatazwa. Lakini mji una watu wengi, watu wanataka kula, na wenye bunduki wamepata fedha nyingi kwa biashara hiyo. Walinzi wa parki zaidi ya 200 wamekwisha kufa kazini tangu ilipowekwa. Mama anunuaye makala ya kupikia sokoni hakumwua mtu. Lakini gunia moja ambalo halikununuliwa ni gunia moja lisilo na sababu ya kutoka msituni.

Katika vijiji ambako kuni haziuzwi, hasara hiyo hulipwa kwa mgongo. Wanaoilipa ni wanawake na wasichana. Wakati wa asubuhi, kaka zao wakienda shule, wasichana wengine hupanda mlima kutafuta kuni, nao hurudi wameinama chini ya mzigo, kamba ikikaza paji la uso. Katika miaka ya vita wengine walivamiwa njiani. Msichana wa namna hiyo akikosa siku moja ya masomo katika kila juma, mwisho wa mwaka huonekana mvivu, naye amefanya kazi kuliko wote. Mtu akisema kwamba kifuniko ni jambo dogo, amwulize huyo.

Wako wanaojibu kwamba hayo yote ni maneno ya maskini, na dawa yake ni umeme. Wana haki kwa sehemu. Nchi ya Kongo ina mito yenye nguvu kubwa sana, na katika wilaya ya Rutshuru mtambo wa Matebe ulianza mwaka 2015 kuyageuza maji ya mto kuwa umeme. Umeme wa kupikia ukifika katika kila nyumba ya Goma, misitu itapumzika, na hakuna atakayeulilia moshi. Lakini nyumba nyingi bado zapika kwa makala. Tena umeme haubadili tabia ya maji. Lita moja ya maji iliyokuwa ikidai kalori 540 kwa makala itadai kalori zile zile 540 kwa waya, na mwenye nyumba atazikuta katika hesabu ya kulipa mwisho wa mwezi.

Wengine husema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Hao wamesahau ya kwao. Mabibi wa zamani walifunika vyungu kwa majani ya migomba, tabaka juu ya tabaka, wakayabana vizuri pembeni. Chakula kiliiva kwa mvuke wake chenyewe juu ya moto mdogo. Hawakujua neno kalori, lakini kuni walizibeba wao wenyewe, na mtu abebaye kuni hujifunza upesi. Sufuria nyepesi zilipokuja sokoni, watu waliziona zinatokota haraka, wakayaacha majani. Kwa jambo hilo wajukuu wamepungukiwa akili kuliko mabibi zao, na si vibaya kusema hivyo waziwazi.

Hata hivyo lawama isiwekwe yote juu ya mama. Lawama kubwa i juu ya shule. Kuna mashule ambamo watoto huimba kwa moyo kwamba nguvu haipotei bali hugeuka, na nyuma ya darasa lile lile chungu kikubwa cha wanafunzi chatokota wazi tangu asubuhi mpaka saa sita. Somo la joto hufundishwa kama somo la wavulana watakaokuwa mafundi. Lingefaa kuanzia jikoni, kwa wasichana na wavulana pamoja. Wachukue sufuria mbili za namna moja, maji lita mbili kwa kila moja, makala yaliyopimwa kwa mizani. Moja ifunikwe, nyingine iachwe wazi. Waandike dakika na digri. Wavulana ndio waoshe sufuria baada ya kazi. Hilo nalo litawafundisha kitu. Mwalimu asiye na kipima-joto aweza kutumia saa tu, kwa maana sufuria iliyofunikwa itatangulia kutokota. Katika Injili, Bwana Yesu alipokwisha kuwashibisha watu 5,000, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye mabaki, ingawa mwenye kuzidisha mikate angeweza kuzidisha tena. Watu wanaolisikia neno hilo Dominika wangeweza kuyakusanya makala yao Jumatatu.

Kuhusu maharagi yafaa kuongeza mambo mawili. La kwanza, yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe asubuhi. Maharagi yaliyokunywa maji huiva kwa muda mfupi zaidi. La pili, yakiisha kutokota vizuri kwa nusu saa, sufuria iliyofunikwa yaweza kuondolewa motoni na kutiwa katika kikapu kilichojazwa majani makavu, ikafunikwa juu kwa blanketi kuukuu. Majani makavu hushika hewa isiyotembea, na hewa isiyotembea haipitishi joto upesi. Maharagi yataendelea kuiva bila moto. Lakini ile nusu saa ya kwanza isipunguzwe, kwa sababu maharagi mekundu yasiyotokota vizuri yana sumu iletayo matapishi. Yakitoka kikapuni bado magumu, hurudishwa motoni kidogo.

Kwa kifuniko chenyewe, asiye na fedha aweza kutumia sahani ya bati, mradi ienee mdomo wote wa sufuria. Majani ya migomba nayo yafaa kama zamani. Hupitishwa kwanza juu ya moto ili yalegee yasipasuke, na yakikauka hubadilishwa.