SOMO LA JUMA: Herufi moja yatosha kumtoa mtu uwanjani



Siku moja jirani yetu hapa Kamina, mama mzee, alipata ujumbe katika simu. Kusoma hajui, basi akamwita mjukuu wake wa darasa la tano amsomee. Ujumbe ulitoka kwa mwanawe mkubwa aliye Lubumbashi, nao ulikuwa mfupi: “Mama, mdogo wetu amefunga safari.” Mtoto alikuwa na haraka, maana wenzake walimngoja nje na mpira. Akatupa jicho, akasema: “Nkambo, baba mdogo amefungwa safarini!” Kisha akatoka mbio.

Mama yule alilia mchana kutwa. Alikuwa amekwisha kuuza kuku wawili na kuazima fedha ili amtoe mwanawe gerezani, nami nikapita nikamkuta katika hali hiyo. Niliomba simu, nikasoma polepole. Kijana hakufungwa. Alikuwa amepanda gari la moshi, yu njiani, anakuja kumsalimu mama yake. Haraka ya mtoto iliongeza herufi w na silabi ni, na nyumba ya furaha ikageuka nyumba ya msiba.

Sikumkaripia mtoto. Nilimwuliza tu: “Wachezaji wa Mazembe unawajua?” Akanitajia kumi na mmoja kwa pumzi moja, bila kukosa hata mmoja. Hapo nikajua dawa yake. Mtoto asiyetaka kusoma mistari miwili ya kitabu atasoma kurasa mbili juu ya mchezaji ampendaye. Wala tusidhani kwamba mpira na shule ni maadui. Timu ya Mazembe yenyewe ilizaliwa shuleni: Mapadre Wabenedikto waliiunda kwa ajili ya vijana wao, mjini Élisabethville, mwaka 1939.

Basi juma hili tutajifunza maendelezo ya maneno na ufahamu wa habari kwa njia ya maisha ya mchezaji mmoja. Someni kwanza kifungu hiki kwa sauti, tena pasipo haraka.

KIFUNGU CHA KUSOMA

Pierre Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 mjini Luluabourg, ambao leo waitwa Kananga. Alicheza mbele, na wapenzi wa mpira walimpa jina la Mutumbula, yule ambaye watoto wa Katanga hutishwa naye wasitembee usiku. Mwaka 1973 alikuwa katika Vita Club ya Kinshasa ilipotwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika.

Mwezi Machi 1974 alikwenda Misri pamoja na timu ya taifa. Siku zile nchi yetu iliitwa Zaire. Katika mashindano yale alifunga mabao 9, na mpaka leo hakuna mchezaji aliyeifikia hesabu hiyo katika Kombe moja la Mataifa ya Afrika. Mchezo wa mwisho na Zambia ulikwisha 2 kwa 2. Ukarudiwa baada ya siku mbili, Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire aliyafunga yeye.

Mwezi Juni wa mwaka uleule Zaire ilikwenda Ujerumani ya Magharibi kushindania Kombe la Dunia, ikiwa timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Tarehe 18, mjini Gelsenkirchen, ilicheza na Yugoslavia, ikafungwa mabao 9. Katika dakika ya 22 mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi akageuka, akamtoa Ndaye. Lakini aliyepiga teke hakuwa Ndaye, alikuwa Mwepu Ilunga. Mgongoni mwa Mwepu palikuwa na namba 2, mgongoni mwa Ndaye namba 13.

Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia, akapewa heshima mbele ya wakubwa wa mpira wa Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na fedha nyingi, wakampiga risasi mguuni. Baadaye alikimbilia Afrika ya Kusini, akaishi kwa umaskini. Mwaka 1998, katika Kombe la Mataifa lililochezwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amekufa katika mgodi wa almasi huko Angola. Watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea. Lakini Ndaye alikuwa hai. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019.

MAENDELEZO

1. Herufi m na n. Tazameni majina mawili ya mtu huyu. Katika Ndaye, d hutanguliwa na n. Katika Mulamba, b hutanguliwa na m. Kiswahili chafuata njia hiyohiyo. Mbele ya d, g, j na z twaandika n: ndugu, ngazi, njia, nzuri. Mbele ya b na v twaandika m: mbele, mvua, mshambuliaji. Mwanafunzi mmoja ataniuliza: “Mwalimu, mbona twaandika mdogo, mgeni na mzee?” Ameuliza vema. Hiyo m ni alama ya mtu mmoja, nayo ni silabi peke yake. Ukitaka kuijua, tia maneno katika wingi. Mgeni huwa wageni, m imetoka. Ngazi hubaki ngazi, n yake haiondoki.

2. Herufi l na r. Kwetu ulimi hupenda kuzichanganya. Twaandika mpira, si mpila. Twaandika kulala, si kurara. Msiseme kwamba ni jambo dogo. Mahali ni pale mtu alipo, mahari ni mali ya ndoa. Kijana akimwandikia baba wa mchumba wake kwamba “anatafuta mahari” pa kukaa, mzee ataisoma barua ile mara mbili.

3. Herufi h. Hii huanguka njiani katika vinywa vyetu vingi. Sasa angalieni uwanja wa Gelsenkirchen. Ukiandika “Ndaye hana kosa”, umesema kweli. Ukiiangusha h, umeandika “Ndaye ana kosa”, nawe umemhukumu mtu asiye na hatia, kama mwamuzi yule alivyofanya. Herufi isiyosikika vema kinywani yaweza kubeba haki ya mtu.

4. Herufi w ya kutendwa. “Yugoslavia ilifunga mabao 9.” “Zaire ilifungwa mabao 9.” Herufi moja imemtenga mshindi na mshindwa. Vivyo hivyo mwamuzi alitoa, Ndaye alitolewa. Ukiona w karibu na mwisho wa tendo, simama ujiulize: ni nani aliyetenda, ni nani aliyetendwa? Mtoto wetu wa mwanzo angalijiuliza hivyo, kuku wa nkambo wangalikuwa bado uani.

5. Majina ya watu. Mwaka 1973 mchezaji bora wa Afrika alikuwa Bwanga Tshimen wa Mazembe. Katika Kiswahili twaandika ch, si tsh. U, si ou. J, si dj. Kwa hiyo mchezo, si mtshezo. Je, tumsahihishe Tshimen? Hata kidogo. Jina la mtu laandikwa kama mwenyewe aliandikavyo, maana jina ni mali yake. Nanyi mnaosoma Kifaransa, kumbukeni kwamba ch ya Kifaransa husomwa kama sh yetu. Msizichanganye.

UFAHAMU

Kusoma si kutamka tu. Kasuku naye hutamka. Msomaji wa kweli huulizwa naye hujibu, tena huonyesha mstari alipopata jibu.

Maswali ya kwanza ni mepesi: nani, wapi, lini, ngapi? Ndaye alizaliwa wapi? Alifunga mabao mangapi Misri? Majibu yamo katika kifungu, mnayaokota kama maembe yaliyoanguka.

Maswali ya pili yataka kupanda mti. Ndaye alikufa akiwa na umri gani? Kifungu hakisemi. Wengi watatoa 1948 katika 2019, wapate 71. Wamekosa. Alizaliwa Novemba naye alifariki Januari, kabla ya siku yake ya kuzaliwa kufika. Alikuwa na miaka 70. Tarehe nayo husomwa yote, si mwaka tu.

Swali jingine la namna hii: katika orodha ya wachezaji wa mwaka 1974 mtakuta Ndaye Mulamba, wala hamtakuta Pierre. Je, ni watu wawili? Sivyo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na kila raia alilazimishwa kutumia majina ya wazee. Wazazi wengi wa Kamina wanakumbuka jinsi walivyoitwa jina moja nyumbani na jingine katika vitabu vya serikali. Hali kadhalika Pierre Kalala, aliyeifunga Ghana bao la pekee katika mchezo wa mwisho wa Addis Ababa mwaka 1968, ndiye Kalala Mukendi. Na nchi aliyoichezea, Kongo-Kinshasa, ndiyo Zaire ya mwaka 1974. Asiyejua habari hizi atahesabu watu wanne na nchi mbili mahali penye watu wawili na nchi moja.

Maswali ya tatu ndiyo magumu: kwa nini? Hapa tumwangalie Mwepu Ilunga. Siku nne baada ya Gelsenkirchen Zaire ilicheza na Brazil. Wabrazil walipewa mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alichomoka katika ukuta wa wenzake, akaupiga mpira mbali. Akaonyeshwa kadi ya manjano. Dunia ilicheka miaka na miaka, ikisema kwamba Mwafrika huyu hajui hata sheria za mchezo. Lakini Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua vema. Alikuwa akionyesha hasira yake, kwa sababu wachezaji hawakulipwa fedha walizoahidiwa. Mwepu alifariki mwaka 2015, na wako wanaomcheka hata leo. Wameona mguu, hawakuuliza sababu.

Tazameni sasa, wanafunzi. Katika somo hili moja tumekuta watu watatu waliosomwa vibaya. Kijana wa safari alisomwa vibaya na mtoto mwenye haraka. Ndaye alisomwa vibaya na mwamuzi asiyetazama namba, kisha akaombolezwa angali hai, kwa habari ambayo hakuna aliyeipeleleza. Aliishi karibu miaka 21 baada ya ukimya ule. Mwepu naye alisomwa vibaya na dunia nzima. Aliyeumia siku zote ni yule aliyesomwa, siye aliyesoma.

KWA WAZAZI

Mtoto akikusomea ujumbe wowote, fanya mambo matatu. Mwambie asome mara mbili, kwa sauti. Kisha mwambie afunge simu, akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Mwisho mwulize: “Nani asema hivi, naye amejuaje?” Hata wewe usiyejua herufi waweza kuuliza swali hilo, na ndilo linalopita yote. Siku hizi habari za vifo na vita hutufikia katika simu kabla ya kupambazuka, nasi huzituma kwa wengine kabla ya kunawa uso. Kumbukeni ile dakika ya kimya ya Burkina Faso.

Tena msiwakataze watoto mpira. Waambieni: kila Jumapili jioni, andika mistari mitano juu ya mchezaji mmoja. Alizaliwa wapi, alifanya nini, alishindwa wapi, aliinukaje? Baba asome, mama asikilize, dada asahihishe. Mchezaji mmoja kila juma ni zaidi ya hamsini kwa mwaka, nanyi mtakuwa mmejitungia kitabu chenu cha nyumbani.

KAZI YA NYUMBANI

Katika maneno haya yamo makosa 8. Yatafuteni, kisha yaandikeni upya katika daftari:

“Robert Kidiaba arikuwa mlinda mrango wa Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka 2010 Mazembe ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mtshezo wa mwisho wa Konbe la Dunia la Vilabu, mjini Abu Dhabi. Ilifunga na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0. Lakini watu wengi walipendezwa na Kidiaba, jinsi alivyoshangilia kwa kurukaruka uwanjani akiwa amekaa, na abari zake zikaenea ulimwenguni. Timu ile aikuona aya.”

Kisha jibuni maswali haya matatu: Ni timu gani iliyoshinda? Mmejuaje, ikiwa sentensi ya tatu ilikuwa na kosa? Na kwa nini timu iliyoshindwa haikuwa na sababu ya kuona haya?

Majibu tutayatazama pamoja juma lijalo. Mjukuu wa mama yule atakuwa wa kwanza kusimama, maana siku hizi ndiye msomaji wa mtaa mzima. Baba yake mdogo alifika salama kwa gari la moshi, akawakuta wote kituoni wakimngoja. Nkambo wake amekwisha kununua kuku wengine, lakini bado humwambia: “Mjukuu wangu, soma tena.”

Haraka haraka haina baraka.

Mwalimu wenu.