Mpangaji Asiyefukuzwa Ndiye Anayepanda Mti

Mgeni yeyote kutoka nyumbani anayefika kwetu Vreewijk, kusini mwa Rotterdam, huniambia jambo lilelile kabla hajavua koti: wenzetu wanajua kupanga miji. Njiani ameshaona nyumba fupi za matofali zenye mapaa ya vigae vyekundu, uzio wa miti iliyopogolewa ikalingana, mifereji yenye bata, na watoto wanaoendesha baiskeli katikati ya barabara bila dereva kuwapigia honi. Sibishani naye papo hapo, ametoka safari. Nikipata nafasi humwambia kwamba kilichoulea mtaa huu bado hajakiona. Kimo kwenye droo ya kabati la sebuleni: mkataba wangu wa kupanga, ambao hauna tarehe ya mwisho.

Tunapozungumzia miji ya Uholanzi tunasifu miti, baiskeli na usafi, kisha tunamaliza kwa kusema ni utajiri wao, au ndiyo tabia yao. Mimi nimeishi humu kwa mkataba wa muda, na sasa naishi kwa mkataba wa kudumu, na nasema wazi kwamba mtaa wa kijani unaofaa kulea watoto hutengenezwa na mpangaji asiyeogopa kufukuzwa.

Utajiri tuuondoe kwanza. Vreewijk haikujengwa kwa ajili ya wenye nacho. Mwaka 1901 Uholanzi ilitunga Sheria ya Nyumba, iliyofungua njia ya fedha za umma kuwafikia wajenzi wa nyumba wasiotafuta faida. Mwaka 1913 K. P. van der Mandele, mtu wa benki, alianzisha na wenzake kampuni ya kujenga kitongoji cha bustani kwa ajili ya wafanyakazi. Mchoro wa awali uliandaliwa na msanifu H. P. Berlage, kisha M. J. Granpré Molière na wenzake wakauendeleza na kusanifu nyumba zenyewe. Walivutiwa na mawazo ya Mwingereza Ebenezer Howard, aliyetaka mfanyakazi apate hewa ya shamba bila kuuacha mji. Nyumba za kwanza zilisimama Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea.

Na nani walipanga? Rotterdam ya kusini wakati ule ilijaa watu waliohama kutoka Brabant na Zeeland wakifuata kazi za bandari. Watu wa kaskazini ya mto Maas waliuita upande huu upande wa wakulima, na hawakuwa wakiusifu. Kwa hiyo bustani hizi, ambazo leo mgeni anazipiga picha, zilipandwa na makuli, mafundi wa meli na wake zao, watu wasiomiliki hata tofali moja la nyumba walizolala.

Kabla ya kuja hapa tulikaa si mbali, ghorofa ya pili ya nyumba ya mtu binafsi, kwa mkataba wa miaka miwili. Mikataba ya namna hiyo iliruhusiwa kuanzia Julai 2016, na ikaenea upesi. Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya, na nyumba ilikuwa na joto. Lakini kila kitu tulikifanya kama watu walio stendi. Picha hatukuzipigilia ukutani, tuliziegemeza. Majirani walibadilika kabla hatujajuana majina, maana nao walikuwa na tarehe zao. Nyuma kulikuwa na kiwanja kidogo cha pamoja kilichofunikwa saruji chote, na hakuna mpangaji aliyefikiria kung'oa kigae hata kimoja aweke udongo. Nani apande waridi litakalochanuka yeye akiwa keshahama? Mwanangu alianza shule akiwa na miaka minne, kama watoto wa hapa wanavyofanya, na nilichohofia kuliko yote ni kwamba mkataba ungeisha akiwa ndiyo kwanza amepata rafiki.

Nyumba ya sasa ni ya shirika la nyumba, yaani taasisi isiyotafuta faida inayopangisha kwa kodi nafuu. Mashirika haya yanamiliki takriban nyumba milioni 2.3 nchi nzima, na kuipata mojawapo ni subira ya miaka. Siku tuliyokabidhiwa funguo, mama mdogo alikuwa kwenye simu ya video kutoka Tanga, akaniuliza kama tumeibiwa. Sebule ilikuwa zege tupu. Dari lilitoa nyaya mbili mahali pa taa, hakuna holda wala balbu. Dirisha kubwa la mbele halikuwa na pazia wala fimbo ya pazia. Hapa ndivyo nyumba nyingi za kupanga zinavyokabidhiwa: mpangaji anayeondoka hubeba sakafu yake, isipokuwa wewe unayeingia ukubali kuinunua. Tulinunua mbao nyembamba za sakafu, mume wangu akazikata moja moja kwa msumeno wa kuazima, mimi nikipaka rangi ukuta nyuma yake. Ilikula akiba yetu yote.

Mama mdogo alisema huo ni ujinga, kumtengenezea mtu nyumba yake. Nami ningesema hivyo, ingekuwa Dar es Salaam. Lakini sheria ya Uholanzi inamzuia mwenye nyumba kuvunja mkataba wa kudumu kwa sababu tu amechoka kukuona au amepata mwingine wa kulipa zaidi. Sababu zinazokubalika zimeorodheshwa kwenye sheria, na mpangaji asiporidhia, anayeamua ni hakimu. Ndiyo maana mtu anathubutu kuweka akiba yake kwenye sakafu ya nyumba ya kupanga, na akishaiweka, hali yake nzima hubadilika. Anaanza kujali bomba la jirani. Anahudhuria mkutano wa wazazi na kusema anachofikiri. Anatoka nje na jembe.

Rotterdam inaruhusu wakazi kung'oa vigae vya saruji kwenye ukanda mwembamba chini ya ukuta wa mbele na kupanda maua. Mwaka 2020 Rotterdam na Amsterdam zilishindana nani atang'oa vigae vingi zaidi, na tangu mwaka uliofuata shindano hilo limekuwa la nchi nzima, manispaa kwa manispaa. Lengo ni maji ya mvua yapate pa kuzama na mitaa ipoe wakati wa joto. Jirani yangu wa kulia, bibi aliyezaliwa mtaa huuhuu katika nyumba ya kupanga na kulea wanawe katika nyumba nyingine ya kupanga, ndiye aliyenipa mche wa waridi la kutambaa na kunionyesha lichimbiwe kina gani. Bustani ya nyuma nimepanda maboga kwa ajili ya majani yake. Alistaajabu kuona nachuma majani na kuacha boga. Sasa kila Julai huja na bakuli.

Wanaofaidi zaidi ni watoto. Barabara yetu ni nyembamba na gari hulazimika kwenda polepole. Waholanzi hawakuzaliwa na busara hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wazazi waliandamana kwa sababu magari yalikuwa yakiua watoto wao kwa wingi, na mji wa Delft ulikuwa umeshaanza kujaribu mitaa ambayo mwenye kupita kwa miguu na mtoto anayecheza wanatangulia, gari linafuata. Mwaka 1976 mitaa hiyo ikapata nafasi kwenye sheria za barabarani. Mifereji nayo ina hatari yake, kwa hiyo mtoto hapa hufundishwa kuogelea mapema, na mtihani wa cheti cha kwanza huufanya akiwa amevaa nguo na viatu, kwani akitumbukia mferejini atakuwa amevaa hivyo. Wangu waliufanya pamoja na watoto wa nyumba tatu zinazofuatana. Majirani wa kudumu ndio wanaowezesha hayo: mmoja anawapeleka, mwingine anawarudisha.

Nije kwenye kodi. Kila Aprili napokea barua ya shirika, inayoniambia kodi itapanda kwa kiasi gani kuanzia Julai. Hupanda mara moja kwa mwaka, na kikomo huwekwa na serikali. Julai 2025 kilikuwa asilimia 5 kwa nyumba za kodi nafuu. Si kidogo, na nililalamika kama wengine. Lakini barua hiyo huniachia muda wa kujipanga, na kama kuna kosa naweza kulipeleka Huurcommissie, chombo cha kuamua migogoro ya kodi. Chini ya yote hayo kuna hesabu ya pointi: ukubwa wa vyumba, jiko, bafu, namna nyumba inavyotunza joto, thamani yake, na nafasi ya nje. Nyumba isiyo na hata roshani hukatwa pointi. Tangu Julai 2024 hesabu hiyo inawabana pia wenye nyumba binafsi: hadi pointi 143 ni kodi nafuu, 144 hadi 186 ni kodi ya kati, ambayo mwaka 2025 haikuruhusiwa kuanzia juu ya euro 1,184.82 kwa mwezi. Mwezi huohuo wa 2024 mkataba wa kudumu ulirudishwa kuwa kawaida, na ule wa miaka miwili ukabaki kwa watu wachache maalumu.

Hapo ndipo pana ugomvi wa sasa. Wenye nyumba wengi wameamua kuuza badala ya kupangisha kwa kodi iliyowekewa kikomo, na wapo wanaodai sheria ilegezwe. Nasikia uchungu wa anayetafuta nyumba leo. Binti wa rafiki yangu alipokuja kusoma Delft aliambiwa chumba kipo, ila asijiandikishe manispaa kwa anwani ile, wakati sheria inamtaka mgeni anayekuja kukaa ajiandikishe ndani ya siku 5. Amsterdam watu husubiri nyumba ya shirika zaidi ya miaka kumi. Sisi tuliomo ndani tumelindwa na walio nje wanapigwa na baridi, na ni aibu kwa nchi yenye uwezo huu. Hata hivyo, kumrudisha mpangaji kwenye mkataba wa miaka miwili hakutaongeza hata chumba kimoja. Nyumba huongezwa kwa kujenga. Serikali imejiwekea lengo la nyumba 100,000 kwa mwaka, theluthi mbili ziwe za bei ambayo watu wa kawaida wanaimudu, na huko ndiko presha yote ingeelekezwa.

Wala mkataba wa kudumu si ngome isiyo na ufa. Mwaka 2018 ulipitishwa mpango wa kubomoa nyumba zaidi ya 500 za kodi nafuu katika Tweebosbuurt, mtaa ulio upande huuhuu wa mto. Wapangaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uholanzi barua ya kuhoji. Nyumba nyingi zilibomolewa vilevile. Nawafahamu watu waliohamishwa. Walipewa makao mengine, lakini majirani wa miaka thelathini hawagawiwi na shirika.

Ndugu zangu wa nyumbani nawaeleza haya kwa sababu maalumu. Wapima ardhi na wapanga miji wetu wengi wamepitia chuo cha ITC pale Enschede, mji ambao una Pathmos, kitongoji cha bustani kilichojengwa kuanzia 1914 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wanarudi na ramani nzuri, viwanja vya wazi vimechorwa kwa rangi ya kijani. Kisha mpangaji anayehamia kwenye ramani hiyo anadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anataka yake ya mwezi mmoja. Hapa Uholanzi amana haizidi kodi ya miezi miwili tangu 2023, na dalali anayemfanyia kazi mwenye nyumba haruhusiwi kumtoza mpangaji. Kwetu Tanzania, sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Mtu anayejua kwamba mwezi wa kumi na mbili ukifika vyombo vinaweza kuwa nje hatapanda mwarobaini mbele ya chumba chake, wala hatasimama kumzuia anayekivamia kiwanja cha wazi cha mtaa. Atasimama kwa niaba ya nani? Yeye mwenyewe hajui atalala wapi Januari.

Najua hatuna fedha za Uholanzi za kujenga mamilioni ya nyumba. Lakini kodi ya mwezi kwa mwezi haihitaji saruji. Wala notisi ya maandishi yenye sababu na miezi kadhaa ya kujiandaa, au baraza la kata lenye meno ya kumsikiliza mpangaji na mwenye nyumba kabla vyombo havijatolewa, havihitaji mkopo kutoka nje. Ningeanza na kodi ya mwezi kwa mwezi, na ningeianzia kwenye nyumba za mashirika ya umma, ambako serikali yenyewe ndiye mwenye nyumba na haina wa kumwomba ruhusa.