Mtutu Umelika? Usiutupe Bado

Husemwa kwamba mtutu una umri wake: risasi 5,000 zikishapita, umekwisha. Hesabu hiyo ni ya walenga shabaha, ambao kwao risasi ya .308 ikipotoka upana wa kidole ni msiba. Mwindaji anayefyatua risasi 40 kwa mwaka, za kurekebishia darubini zikiwemo, ataifikia baada ya miaka 125. Bunduki za kasi kubwa, kama .264 Winchester Magnum, hula chuma upesi zaidi, tuseme kwa risasi 1,500. Bado ni miaka 37.

Wengine hutishwa na fundi: "Ndani kuna nyufa." Ni kweli. Moto wa baruti huunguza chuma mbele kidogo ya chemba mpaka kikafanana na tope lililokauka. Lakini swali iulize karatasi, si jicho. Piga risasi tatu kwa mita 100. Zikiingia kwenye duara la sentimita 8, huyo swala pala unayemwinda hatajua kama mtutu wako ni mzee, seuze nyati, ambaye kwa kawaida hupigwa kwa karibu zaidi ya hapo.

Dai linalowatoa watu fedha nyingi ni hili la tatu: risasi zimeanza kutawanyika, basi mtutu umekufa. Nimeona bunduki ikihukumiwa hivyo, kumbe ni skrubu ya kitako iliyolegea. Kaza skrubu zote, za darubini pia. Sugua shaba iliyoganda ndani. Wengi husafisha masizi tu wakadhani wamemaliza. Kisha tazama mdomo wa mtutu. Bunduki iliyosafiri msimu mzima ikiwa imeinamishwa kwenye sakafu ya gari huchubuka pale pale risasi inapoagana na chuma, na mchubuko mdogo huipeleka kando. Fundi hukata milimita chache, akachonga upya.

Eti mtutu uliolika utapasuka? Kinachopasua mara nyingi ni kizibo: tope, kitambaa kilichosahaulika, risasi iliyokwama.

Iko mitutu iliyokwisha kweli. Tundu la karatasi likiwa refu badala ya duara, risasi inafika kwa ubavu, mifereji ya ndani ya mtutu haiishiki tena. Hapo badilisha. Kutu iliyochimba ndani ya chemba nayo haina mjadala.

Basi kabla ya kumlipa mtu, nenda na karatasi yako na risasi tatu, mtutu ukiwa baridi.