Si kila nasibu ni ujinga wetu
Na Rehema Mbwambo

Sarafu ikirushwa hewani tunasema ni bahati nasibu, ingawa sarafu yenyewe haibahatishi. Kidole kimeisukuma kwa nguvu fulani, imezunguka mara kadhaa, imelalia upande uliobidi. Mwenye vipimo vyote angetaja jibu kabla haijatua. Mwaka 1814 Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliitanua hoja hiyo ikaenea ulimwengu mzima: akili inayojua mahali na mwendo wa kila chembe ingeiona kesho wazi kama jana.

Kwa sarafu nakubaliana naye, na kwa mvua pia. Kwa atomu, hapana.

Tazama iodini-131, wanayopewa wagonjwa wa saratani ya tezi ya thairoidi. Kila siku 8 nusu ya atomu zake huvunjika, na madaktari hupanga dozi kwa kuutegemea mwendo huo. Lakini ipi itavunjika leo na ipi mwezi ujao? Atomu hizo zinafanana kabisa. Hakuna iliyochakaa kuliko mwenzake.

Einstein alikataa kwamba hakuna kinachoamua ipi itangulie. Mwaka 1926 alimwandikia mwanafizikia mwenzake Max Born kwamba haamini Mungu anacheza dadu. Ubishi ungebaki wa barazani, kila mtu na imani yake, kama si mwanafizikia John Bell wa Belfast. Mwaka 1964 alionyesha kwamba ikiwa chembe mbili zilizotoka pamoja zimebeba maagizo ya siri, na hakuna athari inayopita kati yao kwa kasi zaidi ya mwanga, basi majibu yao yana kikomo cha kulingana. Hapo falsafa ikawa kazi ya maabara. John Clauser alipima Marekani mwaka 1972, Alain Aspect akapima Ufaransa miaka kumi baadaye: kikomo kilivukwa. Mwaka 2022 wawili hao na Anton Zeilinger walipewa Nobel.

Kwa hiyo anayesema “sababu ipo, hatujaijua tu” asidhani anatoa kauli ya unyenyekevu. Anatoa dai zito, lenye gharama. Mwanafizikia David Bohm aliilipa waziwazi mwaka 1952: katika nadharia yake kila chembe ina njia yake maalumu, ila mwendo wake hutegemea papo hapo chembe nyingine zilizo mbali mno. Namheshimu kwa kutoificha gharama hiyo. Mimi siilipi; naona nyepesi zaidi kukubali kwamba atomu ile ya iodini huvunjika leo pasipo sababu ya kuchagua leo.