KUISHI KATIKATI YA MUJI AO KULE ANNEXE?



Hapa Lubumbashi jamaa nyingi zinajiuliza: tubaki kulipia nyumba Kamalondo ao Kenya, ao tununue lupango kule Annexe, komine inayozunguka zingine zote?

Wazazi tunawaelewa. Kamalondo ni site ya zamani, karibu na soko na kazi; mtu anafika muji kwa miguu. Lakini watu saba wanalala chumba kimoja, na kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba anabisha mlangoni. Kule Annexe baba anasema: "Sasa niko kwangu!" Mama analima sombe na lengalenga nyuma ya nyumba. Hiyo ni heshima kubwa.

Lakini nani analipa bei yake? Mara nyingi ni mtoto. Anaamka saa kumi ya usiku, anachota maji kisimani, anatembea, anangoja taksi-bisi. Jioni hakuna umeme wa kusomea. Akichelewa, anakuta mlango wa masomo umefungwa.

Bwana Yesu alifundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara anakaa kwanza kuhesabu gharama (Luka 14:28). Siye wanafunzi tunasema: wazazi, mbele ya kununua lupango, muhesabu pia maji, masomo ya karibu na njia ya mtoto. Na ninyi walimu wetu, mbele ya kumuazibu anayechelewa, mumuulize kwanza analala wapi. Pengine yeye njo aliamka wa kwanza kati yetu sote.